Redio za wengine zinazimwa. Na yetu iko wapi?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni, Bunia, Kisangani na Lubumbashi, na ninyi wa Kinshasa mnaosoma Kiswahili,

Tarehe 14 Machi 2025, Rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi amri ya kupunguza kabisa kabisa idara inayosimamia redio za inchi yake zinazosikilizwa inje. Kesho yake, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wa Sauti ya Amerika (VOA) wakaambiwa wabaki nyumbani. Redio iliyoanza kazi mwaka 1942, iliyokuwa inatangaza katika lugha karibu 50, ikanyamaza. Kiswahili kikanyamaza. Lingala ikanyamaza. Kinyarwanda na Kirundi vikanyamaza.

Kwetu mashariki, saa ilikuwa mbaya. Goma ilikuwa imechukuliwa na M23 mwisho wa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Umeme ulikatika, intaneti ikasumbua, na WhatsApp ilijaa sauti za watu ambao hakuna aliyewajua. Wengi wetu tulirudi kwa redio ndogo ya betri, ile tuliyokuwa tunamcheka nayo mzee nyumbani. Na wakati huohuo mtu mmoja Washington anazima moja ya zile redio tulizokuwa tunatafuta.

Tuliona vijana wetu wakigawanyika mara mbili. Wengine walifurahi: "Acha ife, ni propaganda ya Wazungu." Wengine walilia: "Sasa nani atatuambia ukweli?" Sisi tunasema wote wawili wanaangalia upande usiofaa. Shida yetu kubwa haiko Washington. Shida ni kwamba, miaka zaidi ya 60 baada ya uhuru, inchi kubwa kama Kongo inasikiliza habari zake yenyewe kupitia kodi ya watu wengine. Wazee walisema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku mwenye nguo anaidai, unabaki uchi barabarani.

Hii si mara ya kwanza

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Ubelgiji iliyokimbilia London ilijenga mtambo mkubwa wa redio Léopoldville, ukaanza kazi mwaka 1943, ili sauti yake ifike hadi Ulaya. Ng'ambo ya mto, Wafaransa wa de Gaulle walifanya vilevile na Radio Brazzaville. Ni kusema kingo zote mbili za mto Kongo zilibeba redio za kimataifa za mataifa mengine, na mwenyeji hakuulizwa kitu.

Halafu tarehe 5 Septemba 1960. Rais Joseph Kasa-Vubu anatangaza redioni kwamba amemfukuza Waziri Mkuu Patrice Lumumba. Usiku uleule Lumumba anajibu, redio ileile. Halafu ONU, kwa uamuzi wa Andrew Cordier aliyekuwa anaiongoza pale Léopoldville, inafunga redio ya taifa na viwanja vya ndege. Walisema ni kwa ajili ya utulivu. Lakini Kasa-Vubu alikuwa na rafiki ng'ambo ya mto, na Radio Brazzaville ilimfungulia mlango. Redio ya Katanga nayo iliendelea kusema yake. Aliyebaki bila mikro ni Lumumba.

Tunawakumbusha haya ju watu wanafikiri redio ni muziki na matangazo ya misiba. Hapana. Katika inchi hii, nani anashika mtambo na nani analipa mtambo, ni jambo lililoamua nani anatawala.

Wenzetu wanalipa namna gani?

Kabla ya kudai, tujue. Redio za kimataifa tunazosikiliza hapa zote zinalipwa na pesa ya raia wa inchi zao. Lakini hazilipwi kwa njia moja, wala hazilindwi kwa njia moja. Tofauti njo iko hapo.

Tuanze na Marekani. Pesa ya VOA inapigiwa kura na Bunge lao, kwa mwaka 2023 ilikuwa zaidi ya dola milioni 260. Iko sheria iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford mwaka 1976, inayosema habari za VOA lazima ziwe za kweli, zisizoegemea upande, na kwamba redio haisemei kikundi kimoja tu cha Waamerika. Sheria nzuri. Na kwa miaka mingi juu ya redio kulikuwa na baraza la watu wa vyama viwili, ili rais asipate kuingiza mkono moja kwa moja. Lakini mwisho wa mwaka 2016 Bunge lilibadilisha mambo: baraza likapoteza nguvu, mamlaka yakapewa mkubwa mmoja anayependekezwa na rais. Walisema ni kurahisisha kazi. Mwaka 2020 mkubwa wa kwanza kuteuliwa na Trump alifika na akafukuza wakurugenzi wa redio kadhaa kwa siku moja. Mwaka 2025 redio yenyewe ikafungwa. Hakimu Royce Lamberth aliamuru mwezi wa Aprili kazi irudishwe, mambo yakapelekwa kwa mahakama ya rufaa, na Juni barua za kufukuza watu zaidi ya 600 zikatoka.

Muangalie vizuri: sheria ilikuwa inalinda maneno yanayosemwa, lakini haikulinda sana mtambo usizimwe. Ukishaweka ufunguo wote kwa mtu mmoja, unangojea tu siku ambayo mtu mubaya atakalia kiti.

Sasa Uingereza. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Kwa miaka mingi Wizara ya Mambo ya Inje ndiyo ilikuwa inalipa BBC ya kimataifa, lakini wizara haikuwa inaandika habari. Mwaka 1956, wakati wa vita ya Suez, serikali ya Anthony Eden ilikasirika ju BBC ilikuwa inawasomea wasikilizaji wa inje hata maneno ya Waingereza waliopinga vita. Serikali ikatisha kupunguza pesa, ikatuma hata mtu wake akakae ndani ya nyumba ya redio. BBC iliendelea. Mwaka 2011 pesa ikapunguzwa, lugha 5 zikafungwa, pamoja na Kireno cha Afrika. Tangu Aprili 2014 mzigo mkubwa ulihamia kwa ile ada ambayo kila nyumba yenye televisheni inalipa, mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka, na serikali inaongeza msaada wake. Lakini ada haikumaliza matatizo: mwaka 2022 BBC ilitangaza kuondoa kazi 382 katika huduma zake za kimataifa, na Januari 2023 redio yake ya Kiarabu ilizimwa baada ya miaka 85. Hata leo, kufungua au kufunga lugha lazima waziri wa mambo ya inje akubali.

Ufaransa. RFI Kiswahili ilianza mwaka 2010. Zamani kila nyumba yenye televisheni Ufaransa ilikuwa inalipa euro 138 kwa mwaka kwa redio na televisheni za umma. Mwaka 2022 ile ada iliondolewa, ikawekwa sehemu ya kodi ya TVA. Wafanyakazi waliogoma walikuwa wanauliza swali moja: kama pesa inapita mikononi mwa serikali kila mwaka, nani atazuia serikali kuiminya? Desemba 2024 wakapata sheria inayoimarisha ile njia ya TVA. Na kuhusu wakubwa: toka 2009 hadi 2013 rais wa Jamhuri mwenyewe alikuwa anawateua. Kelele zikawa nyingi, na leo ni mamlaka ya kujitegemea inayochagua.

Ujerumani. Deutsche Welle, inayosema Kiswahili tangu 1963, inaishi kwa bajeti ya Leta. Lakini mkurugenzi wake anachaguliwa na baraza la watu 17, na walio wengi hawatoki serikalini wala bungeni: wanatoka kwa makanisa, sendika, na vikundi vingine vya raia.

Kwa hiyo, hakuna inchi iliyopata njia safi kabisa. Pesa ya umma inaweza kufanya redio nzuri, inaweza pia kufanya tarumbeta ya mkubwa. Kitu kinachoamua ni ukuta kati ya yule anayetoa pesa na yule anayeshika mikro. Na Marekani imetufundisha kwamba ule ukuta lazima uzunguke pande zote: ulinde maneno, ulinde uteuzi wa wakubwa, na ulinde pesa yenyewe.

Na sisi tuko na nini?

Tuko na RTNC. Katiba ya 2006, kifungu cha 24, inasema vyombo vya habari vya Leta ni huduma ya umma, na milango yake iko wazi kwa mawazo yote ya kisiasa na ya jamii. Inasema tena kwamba sheria itahakikisha habari zinatolewa bila upendeleo. Imeandikwa vizuri. Sasa fungua RTNC jioni, ukamate dakika za kwanza: nani alipokelewa na nani, nani alikata utepe wapi. Wapinzani wanaonekana wakati wa kuhama chama. Wakubwa wa RTNC wanateuliwa kwa amri ya Rais, na kwa amri ya Rais wanaondolewa. Wafanyakazi wake wamelalamika mara ngapi juu ya mishahara? Enzi za Mobutu, habari za saa mbili zilianza na uso wake ukishuka kutoka mawinguni. Mawingu yaliondoka. Desturi ilibaki.

Mshahara usipofika, mwandishi analipwa na yule anayekuja kumrekodi. Kile wote tunaita coupage. Mwenye mkutano anatoa bahasha, habari inapita. Asiye na bahasha, hata kama kijiji chake kimechomwa, habari yake inangojea. Hatuwacheki waandishi, ju tunajua njaa. Wengi kati yetu tuko na diplome ya chuo kikuu, tuko nyumbani, na tukipewa nafasi leo pale RTNC kwa masharti hayohayo, hatujui ni wangapi watakataa bahasha. Ndiyo sababu tunasema jambo hili halirekebishwi kwa mahubiri. Linarekebishwa kwa bajeti na kwa sheria.

Tuko pia na Radio Okapi, tunashukuru. Ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na MONUC pamoja na Fondation Hirondelle, inasema Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Kikongo na Tshiluba. Waandishi wake walilipa kwa damu: Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwaka 2007, Didace Namujimbo mwaka 2008, mji uleule. Lakini Okapi pia ni nguo ya kuazima. Iko chini ya ujumbe wa ONU ambao uliondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Wengi wetu tuliandamana tukidai MONUSCO iondoke, na haki yetu ilikuwa pale. Lakini tulisahau kuuliza: na redio?

Serikali yetu inajua sana kuzima

Kitu ambacho inchi yetu inakifanya haraka ni kukata sauti ya wengine. RFI ilikatwa inchi nzima Julai 2009, ikarudi Oktoba 2010. Ilikatwa tena Kinshasa Novemba 2016, ikarudi Agosti 2017. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikakatwa tena. Januari 2025 ilikuwa zamu ya Al Jazeera kusimamishwa, baada ya kumpa nafasi mkubwa wa M23. Majirani wanafanya vilevile. Rwanda ilifunga matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda mwaka 2014. Burundi ilisimamisha BBC na VOA mwaka 2018, halafu mwaka 2019 ikafunga BBC na kuacha VOA imefungwa bila tarehe ya mwisho.

Tunaelewa hasira. Kusikia mtu anayeua watu wako akihojiwa kwa upole, inauma. Sisi pia inatuuma. Lakini ukikata redio ya inje bila kuwa na redio yako inayoaminika, hujanyamazisha adui. Umemwachia uwanja wote wa uvumi. Hapo Goma tuliona: sauti moja ya dakika mbili kwenye WhatsApp inahamisha mtaa mzima usiku, na hakuna redio ya taifa ya kusema ni kweli au ni uongo.

Kwa wale wanaosema "ni propaganda"

Hatukatai. Hakuna inchi inayolipa mamilioni kila mwaka kwa sababu inampenda mtoto wa Bunia. Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zinatafuta marafiki, masoko na jina zuri. Kuna habari ambazo redio zao zinachelewa kutoa, hasa makampuni yao yakiwa katikati. Mkono unaotoa unakaa juu ya mkono unaopokea, siku zote.

Lakini tusiseme vitu vyote ni sawa. Redio ambayo mwandishi wake anaweza kumuuliza waziri wa inchi inayomlipa swali gumu, na kesho akarudi kazini, si sawa na redio ambayo mwandishi anapewa maswali na mshauri wa waziri. Ule uhuru mdogo uliletwa na raia wa kule kwa miaka mingi: migomo, kesi, kelele bungeni. Hakuna mtu aliwapa kama zawadi.

Na wale wanaosema "redio ni ya wazee, sisi tuko na simu": simu inahitaji mega, mega inahitaji franka, na mtandao unaweza kukatwa na mtu mmoja ofisini. Redio ya betri inafika Shabunda, Walikale na Fizi pahali simu haifiki.

Tunachodai

Kwanza, sheria ya RTNC inayofuata kifungu cha 24 kwa kweli. Baraza la uongozi ambamo serikali na vyama havina wingi: wawekwe waandishi, makanisa na misikiti, sendika, vyuo vikuu, wanawake, vijana, watu wa mikoa. Baraza hilo ndilo limchague mkurugenzi, kwa mashindano ya wazi, kwa muda unaojulikana. Asiondolewe kwa amri ya usiku.

Pili, pesa inayojulikana. Bajeti ya miaka kadhaa, siyo ya kuombaomba kila mwezi, na hesabu itangazwe hadharani. Tunajua watasema "basi tuweke kodi". Tulishaona hiyo sinema. Kuanzia 2020 walitukata RAM kwenye simu zetu hadi kelele ilipoifuta mwaka 2022, na mpaka leo tunauliza ile pesa ilifanya nini. Kongomani hakatai kulipa. Anakataa kulipa gizani. Ada yoyote ya redio isianze kabla ya baraza huru kuwepo na kabla ya hesabu kuonekana.

Tatu, hakuna redio, ya hapa au ya inje, kukatwa kwa simu ya waziri. Kama kuna kosa, CSAC iseme kosa gani, kwa maandishi, kwa muda gani, na hakimu aweze kufuta uamuzi.

Ine, lugha zetu na mipaka yetu. RTNC iwe na waandishi wanaolipwa katika mikoa yote, na habari kamili kwa lugha zote nne za taifa. Kiswahili kinasikika toka Kalemie mpaka Mombasa. Leo mtu wa Kigoma au Kampala akitaka kujua mambo ya Kivu, anasikia kutoka London, Paris au Bonn. Kwa nini asisikie kutoka Bukavu na Lubumbashi? Redio ya kimataifa ya Kongo inawezekana, lakini ianze kwa kuaminika Kadutu na Katindo kwanza. Redio ambayo raia wake hawaiamini, jirani ataiamini ya nini?

Tano, mpango ulioandikwa juu ya Radio Okapi: mitambo, hazina ya sauti na wafanyakazi wake vitaenda wapi siku ONU itafunga mizigo. Tusingojee asubuhi tutakayoamka na kusikia kimya, kama Machi 2025.

Kazi yetu wenyewe

Madeputé watarudi kwenye mitaa yetu, wanarudi daima wakitaka kura. Safari hii tusiombe tisheti. Kila mmoja wetu aulize maswali mawili, mbele ya watu, simu ikirekodi: RTNC ilipata pesa ngapi mwaka huu? Na nani alimchagua mkubwa wake?

Akikosa jibu, tumwandikie barua. Akinyamaza, tuketi mbele ya ofisi yake, kwa amani, mikono mitupu, kama tunavyojua kufanya. Na yule atakayejibu vizuri, tumpeleke jibu lake kwenye redio zote za mtaa, ili lisikike na wenye simu na wasio na simu.

Sauti ya Wakongomani, pesa ya Wakongomani, macho ya Wakongomani juu yake.